Njaa, Vita na Swali la Ayubu: Historia ya Imani Kwetu Issuna

Kwetu Issuna, swali la kwa nini Mungu mwenye upendo huwaacha wacha Mungu wateseke limefungamana na mvua. Mvua zetu ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, huishia Aprili, na katikati yake, mara nyingi Februari, jua hukaa wiki mbili tatu pasipo wingu. Uwele huvumilia. Mtama huvumilia kiasi. Mahindi hukauka yakiwa yamebeba. Aliyesali kila Jumapili na aliyefunga Ramadhani yote, shamba lake hukauka siku moja na shamba la mlevi. Ndivyo swali hili lilivyozaliwa upya katika kila kizazi cha uwanda huu wa Singida.

Niliingia ualimu enzi za UPE, mwaka 1977, serikali ilipotaka kila mtoto wa Tanzania akae darasani. Nikafundisha historia hadi kustaafu, na sasa ni mzee wa kanisa. Kazi zote mbili zimenikalisha kwenye misiba mingi, na misibani maneno ni yaleyale: kazi ya Mungu haina makosa, sisi tulimpenda, Mungu amempenda zaidi. Husemwa kwa nia njema, tena na watu wanaolia kweli. Lakini aliyefundisha historia hawezi kuacha kuuliza: marehemu alikufaje, mwaka gani, ghala lilikuwa na nini, na ufunguo ulikuwa kwa nani? Nikiipitia historia yetu kwa maswali hayo, naona lile swali moja la Mungu na mateso limebeba maswali mawili, na tumezoea kuyapa jibu moja.

Nianze na zamani za wazee. Wanyaturu, ambao pia huitwa Warimi, waliishi hapa kwa jembe na ng'ombe, katika nyumba za tembe zenye paa la udongo. Bibi yangu mzaa baba, aliyekuwa msichana mdogo wakati wa Wajerumani, alinisimulia kwamba mvua ikichelewa wazee hawakukimbilia kuchinja. Kwanza waliuliza nani kamkosea nani. Ndugu waliogombania mpaka walipatanishwa, mwenye deni la mbuzi alilipa, kisha ndipo kondoo mweusi akatolewa. Dua ya watu waliokuwa wakichukiana, alisema, haiendi mbali.

Nikiifikiria desturi ile naiheshimu, na papo hapo naiogopa. Naiheshimu kwa kuwa ililazimisha watu kupatana kabla ya kuomba. Naiogopa kwa kuwa ndani yake kulikuwa na fundisho kwamba kila teso lina mkosaji wake, na mkosaji akikosekana hutafutwa. Aliyepatikana kwa urahisi alikuwa mjane, mgeni, au kikongwe asiye na mtoto wa kumtetea. Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa hadi miaka yetu hii kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu maisha yao yote. Fundisho hilo tuliingia nalo makanisani na misikitini. Hata leo, mtu akipatwa na msiba juu ya msiba, kuna wanaonong'ona kwamba ana dhambi ya siri.

Sotoka ilipofika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikitokea kaskazini, ng'ombe walikufa kwa makundi makubwa, wa tajiri na wa maskini. Watu waliokuwa wameweka akiba yao yote katika zizi walibaki na ngozi. Mara wakaja Wajerumani, na kuanzia mwaka 1898 wakadai kodi ya nyumba. Singida haikukubali kimya. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanamke wa Kinyaturu, Liti, aliongoza upinzani, na simulizi ya hapa kwetu inasema aliwaachia askari wa Kijerumani nyuki wakakimbia. Mwishowe walimuua. Jina lake lilikuja kupewa uwanja wa mpira wa Singida mjini. Bibi yangu alipomtaja Liti hakusema ilikuwa kazi ya Mungu. Alisema Wajerumani walimuua. Tofauti ya kauli hizo mbili ndiyo ninayotaka msomaji aishike.

Miaka michache baadaye ikaja vita ambayo watu wa hapa hawakuianzisha. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 ikipita Manyoni, kusini mwetu, na vita ilipozuka Agosti 1914 nchi yote iliyo kandokando ya reli hiyo ikageuzwa ghala la jeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Walipofukuzwa, Waingereza nao wakachukua ng'ombe, nafaka na vijana. Kisha mvua zikakosa. Jirani zetu Wagogo wanaiita njaa iliyofuata Mtunya. Ilidumu tangu 1917 hadi 1920, na makadirio ya wanahistoria ni kwamba upande wa Ugogo ilichukua watu kama 30,000 kati ya 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Katikati yake, mwishoni mwa 1918, yakaingia mafua makali yaliyokuwa yakizunguka dunia nzima, nayo yakaua makumi ya maelfu Tanganyika.

Tuitazame Mtunya kwa utulivu. Ukame ulikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini Wagogo walikuwa wameishi na ukame vizazi kwa vizazi, na walikuwa na njia zao: nafaka ya mwaka jana ndani ya tembe, ng'ombe wa kubadilisha kwa chakula, vijana wenye nguvu za kwenda kuhemea mbali. Majeshi mawili yaliondoa vyote vitatu, moja baada ya jingine, ndipo mvua ikakosa. Mama aliyemzika mwanawe mwaka 1919 akiuliza kwa nini Mungu amemwacha, alikuwa na haki ya kuuliza. Ila lipo swali jingine ambalo hakuwa na mtu wa kumuuliza, kwa sababu wenye kulijibu walikuwa Berlin na London.

Katika vita hiyohiyo waliteseka watu ambao kosa lao lilikuwa imani yao kuonekana ni ya upande wa adui. Walimu wa Kiafrika wa misheni za Kiingereza, wa CMS katika Ugogo na Ukaguru na wa UMCA huko Bonde, walikamatwa na Wajerumani wakidaiwa kuwapelekea Waingereza habari. Walitiwa minyororo, wakachapwa viboko, wakafungwa hadi Tabora. Wengine hawakurudi. Waliosalia walifunguliwa jeshi la Wabelgiji lilipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wakarudi vijijini na kukuta njaa inawangoja. Wangeweza kuiacha dini iliyowaletea kiboko. Wengi waliendelea kufundisha, tena bila mshahara wa maana, wakigawana na wanafunzi walichopata. Mwaka 1921 wawili kati ya walimu waliopitia miaka hiyo, Haruni Mbega na Andereya Mwaka, waliwekewa mikono kuwa makasisi, Waafrika wa kwanza wa CMS katika Tanganyika ya kati. Dodoma leo kuna shule yenye jina la Kanoni Andereya Mwaka.

Kila mwaka tarehe 3 Juni Wakristo wa Afrika Mashariki huelekeza macho Namugongo, Uganda, kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mwaka 1886 katika utawala wa Kabaka Mwanga. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki, na Waanglikana wanawaheshimu wenzao 23 waliokufa katika mateso hayohayo. Nawaheshimu mno. Hata hivyo nimewahi kumwambia mchungaji mmoja kijana kwamba mahubiri ya mashahidi hayatoshi kumfariji mama wa Issuna. Shahidi anajua anakufa kwa ajili ya nini. Aliulizwa akajibu, akachagua. Mtoto anayekufa kwa njaa hakuulizwa kitu. Mateso ya wenye imani mengi zaidi ni ya namna hii ya pili, yasiyo na kalenda wala kanisa la hija, na hayo ndiyo yanayoitikisa imani ya mtu wa kawaida.

Nami nimeyaona nyumbani kwetu. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Mwaka uliofuata operesheni ilifika kwetu, watu wakahamishwa kutoka mashamba yao ya asili kwenda kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mistari. Nia ilikuwa shule, maji na zahanati, na vitu hivyo vingine vilikuja kweli. Lakini mwaka 1974 nchi ilikuwa na ukame, na wengi walihamishwa kabla hawajaandaa mashamba mapya. Wasomi wanabishana hadi leo ni kiasi gani cha njaa ile kilitokana na mvua na kiasi gani kilitokana na kuhama. Sisi tuliokuwepo tunajua tulichokula: uji wa ubuyu, mlenda mkavu, na baadaye unga wa njano wa msaada, yanga, uliopimwa kwa foleni.

Baba alichukua ng'ombe mmoja na punda, akaenda kuhemea upande wa Hanang. Mama alibaki na kihenge kilichokuwa kimefika chini. Namwona bado anavyopima. Alikuwa na kibaba cha bati. Alikijaza mtama, akapitisha kiganja juu kusawazisha, kisha akarudisha kihengeni punje zilizodondoka mkekani, moja moja. Kibaba cha kwanza kilikuwa chetu. Cha pili, kila baada ya siku chache, alikifunga kwenye kipande cha kanga na kunituma kwa mjane aliyehamishiwa kiwanja cha jirani, mwanamke ambaye hakuwa wa ukoo wetu wala wa dini yetu. Mzee mmoja Mwislamu, naye jirani, aliyekuwa bado na mbuzi, alituma maziwa kwetu kwa ajili ya kitinda mimba wa mama. Hakuna kamati iliyopanga hayo.

Kitinda mimba huyo alikufa mwaka uleule kwa surua. Surua humwua kwa urahisi mtoto aliyedhoofishwa na njaa. Humshika kifua, humharisha, humfumba macho. Mama hakuwahi kukosa ibada, na alisali usiku kucha kwa sauti niliyoisikia nikiwa nimejifunika. Msibani mzee wa kanisa wa wakati huo alisema kwamba Mungu amempenda mtoto zaidi. Mama hakumjibu mbele za watu. Jioni alimwambia baba, "Mungu hana haja ya kumchukua mwanangu ili ampende." Na Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake kanisani.

Sentensi ile ya mama imenifundisha teolojia kuliko kitabu chochote. Mwaka 1975, mwaka mmoja tu baada ya kifo kile, Tanzania ilianza mpango wa taifa wa chanjo za watoto. Miaka ikapita, zamu ya vijiji kama chetu ikafika, na muuguzi akaja na kasha la baridi, akina mama wakapanga mstari chini ya mti na kadi za kliniki mkononi. Mama alibeba wajukuu mgongoni na kuwapeleka yeye mwenyewe, hakumwamini mtu mwingine asije akachelewa. Wajukuu wale wako hai. Mungu ni yuleyule, maombi ni yaleyale, Issuna ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sindano ilifika.

Basi hilo ndilo swali la kwanza ndani ya swali letu: ni nani au ni nini kilichosababisha, na je, kingeweza kuzuiwa? Sehemu kubwa ya mateso ambayo historia yetu imeyaweka mlangoni pa Mungu ilipitia mikononi mwa watu: jeshi lililotwaa nafaka, mtawala aliyedai kodi mwaka wa njaa, amri iliyotolewa bila kutazama kalenda ya mvua, chanjo iliyochelewa kuvuka mto. Barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Singida inapita kwetu, na malori na mabasi yake yameua watu. Dereva akiendesha kwa mwendo wa kasi usiku kucha bila kulala, kisha akagonga, tukasimama kaburini na kusema Mungu amewapenda zaidi, tunamsingizia Mungu, na dereva wa kesho hajifunzi kitu.

Wahubiri hueleza hili kwa kusema Mungu amempa mwanadamu hiari, na hiari huumiza wengine. Nakubali. Ila najua pia kwamba jibu hilo halimalizi mambo, maana baki lipo. Ukame wenyewe haukuamriwa na mtu. Kuna mtoto anayechanjwa, analishwa, anapendwa, na bado anakufa. Hapo ndipo linapokaa swali la pili, lile la Ayubu.

Ayubu ni wetu sote hapa Issuna. Wakristo wanamsoma katika Agano la Kale, Waislamu wanamheshimu kama Nabii wa subira, na Waswahili wa pwani walimtungia utenzi tangu zamani. Wengi hukumbuka alivyovumilia na alivyorudishiwa mali. Mimi huwaomba wasomaji wa Biblia watazame katikati ya kitabu, palipo parefu zaidi. Marafiki zake walikaa naye kimya siku saba, na hilo ndilo jema kubwa walilofanya. Walipofungua midomo walimweleza kwa ufasaha kwamba lazima ana dhambi. Ayubu alibisha, akalia, akamwita Mungu aje ajibu. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wale waliomtetea kwa maelezo, akamkubali yule aliyelalamika. Sababu ya mateso yake Ayubu hakuambiwa hata siku moja. Na Yesu alipoulizwa kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, na tena alipowataja mwenyewe watu walioangukiwa na mnara, alikataa katakata kwamba waliumia kwa kuwa walikuwa wakosaji kuliko wengine.

Kwa hiyo yule anayemnong'ona mjane mwenye misiba mingi hana msaada wa Maandiko. Desturi ya kumtafuta mkosaji, tuliyoirithi zamani, imekataliwa humo waziwazi.

Kinachobaki kwa Mkristo ni jambo moja, nami nalishika kwa mikono miwili: Bwana wetu mwenyewe alikufa akiuliza kwa nini ameachwa. Swali la mama wa mwaka 1919, na la mama yangu wa mwaka 1974, lilishatoka kinywani mwake. Anayemwamini hapewi maelezo ya kila kaburi. Anapewa Mungu aliyekaa upande wa wanaolia, na anapewa kazi ya kukaa upande huohuo.

Historia yetu inaonyesha kwamba walioielewa kazi hiyo hawakuwa wengi wa maneno. Ni walimu waliotoka jela ya Tabora wakarudi kufundisha. Ni masista waliokuja Makiungu, katika wilaya yetu hii ya Ikungi, wakahudumia hospitali ambako wanawake wa Singida wamejifungua salama bila kuulizwa dini. Ni Wairamba waliobaki na makanisa yao baada ya wamisionari wa Leipzig kufukuzwa mwaka 1920, wakaendelea kusali hadi Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walipofika katika miaka hiyo ya 1920. Ni mzee Mwislamu na maziwa yake. Wote hawa waliteseka, na wengine wakafa, na upendo wa Mungu ulionekana kwa jirani kupitia kwao.

Leo tuna vitu ambavyo wazee hawakuwa navyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa msimu kabla hatujapanda. Kuna mbegu za mtama zinazokomaa mapema, na kuna alizeti inayoleta fedha. Lakini nawaona watu wanauza chakula chote Juni ili wapate fedha, na Januari wanaomba msaada. Nawaona akina baba wanaokunywa gunia zima la familia. Nawaona viongozi wanaojua kijiji fulani hakikuvuna, wakanyamaza kwa kuogopa kuharibu taarifa. Njaa ikija baada ya hayo, tusiseme tumejaribiwa na Mungu.

Ombi langu ni hili, kwa wachungaji, mapadre, mashehe, na kila anayepewa nafasi ya kusema msibani. Kabla ya kutamka kwamba kazi ya Mungu haina makosa, uliza marehemu alikufaje. Kama kuna mkono wa mtu, useme kwa heshima, ili mwingine asife vivyo hivyo. Kama hakuna, nyamaza, kaa na wafiwa siku ya kwanza, na urudi siku ya kumi wengine wakishaondoka, ukiwa na kibaba cha unga. Mungu hahitaji tumtetee mbele ya mama aliyefiwa. Anatutaka tuwe pale.